Najisi Si Uvundo

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "mbwa ni mbwa, lazima anuke," damu hunichemka. Mbwa hanuki bure. Akinuka, kuna mahali panaoza, na kuna watu wenye pua wasiotaka kuinama watazame.

Mbwa wetu aliletwa na mwanangu, baada ya wezi kuingia kwangu wakachukua redio, pasi ya makaa na kanga zangu mpya. Nilikuwa mjane, nalala chini peke yangu, mwanangu na mkewe wakilala juu. Nyumba za Mji wa Kale hazina nafasi ya mbwa, na majirani walisema mengi. Nikawaambia mbwa wa kulinda ameruhusiwa, kawaulizeni wanavyuoni wenu. Akawekwa uani chini ya ngazi, nami nikapata usingizi niliokuwa nimeusahau.

Ndipo ikaja ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba, mvua isiyojua kukoma. Kuta ziliota ukungu, na mbwa akaanza kunuka. Si harufu ya mbwa aliyerowa, hiyo naijua. Hii ilipanda ngazi, ikaingia kwenye mapazia, ikakaa nasi tukila.

Mkaza mwanangu akashika kumwogesha. Kila siku, kwa sabuni ya unga ya kufulia, kisha anamwacha vivyo hivyo na maji yake, alale juu ya gunia lililorowa. Alivyozidi kuoshwa ndivyo alivyozidi kunuka.

"Mwanangu," nikamwambia, "hata wewe ukishinda na kanga mbichi mwilini utanuka."

"Basi nitamfukiza, mama."

Nilidhani ni mzaha. Akashuka na chetezo, na udi wangu, ule niliouweka kwa ajili ya harusi, akamfukizia mbwa. Moshi ulipomfikia, mbwa akatikisa kichwa, akatikisa tena, akajisugua ukutani. Jirani yangu, shoga yangu tangu ujana, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwaona?" akasema. "Yuwakataa udi. Si najisi tu huyo, ana shetani. Mtoeni, shoga."

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Wanawake waliokuwa wakija kwangu alasiri kunywa kahawa wakapata kazi nyingi ghafla. Mwanangu naye akakata neno: Ijumaa rafiki yake mwenye gari atamchukua mbwa, akamwache Makupa kwenye malori, huko atajitafutia.

"Na mimi nilindwe na nani?" nikamuuliza.

"Tutatia komeo, mama."

"Komeo lilikuwako siku ya wezi."

Mtu akiogopa maneno ya mtaa, mamake huwa hana uzito.

Alhamisi asubuhi nilikuwa uani nachagua mchele. Chetezo kilikuwa baridi, hakuna moshi popote. Mbwa akatikisa kichwa. Akatikisa tena, akajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, akalia kidogo. Nikajiuliza, huyu shetani leo akataa udi gani?

Nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikamshika, nikaligeuza sikio. Ndani lilikuwa jekundu, limejaa uchafu mweusi na usaha, na ule uvundo ukanipiga usoni. Nikaujua. Nilishaulea uvundo huo nyumbani mwangu. Mwanangu huyuhuyu alipokuwa mdogo, masikio yake yalitoka usaha hata wenzake wa chuo cha Kurani wakakataa kukaa naye mkeka mmoja.

Nikaosha mkono mara saba, moja kwa mchanga, kama nilivyofunzwa. Kisha nikapanda juu. Nilimkuta mwanangu anakunywa chai.

"Shuka umnuse mbwa wako sikioni."

"Mama, ndiyo kwanza nakula."

"Mimi nilikunusa wewe nikila. Ulipovunda masikio, nilikutupa Makupa?"

Mkewe akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwanangu akaweka kikombe, akashuka.

Gari la Ijumaa lilikuja, likampeleka mbwa kwa daktari wa mifugo. Akamsafisha masikio, akatupa dawa ya matone. Maji ya kila siku, alisema, yaliingia masikioni yasipate kukauka, yakaozesha. Aogeshwe mara chache, afutwe mpaka akauke, gunia lianikwe juani. Na akinuka tena, tutazame masikio, meno na ngozi kabla ya kukimbilia sabuni. Udi hakuutaja, nami sikumwambia, kwa aibu ya nyumba yangu.

Uvundo ulipoisha, shoga yangu alirudi. Akanusa pale mlangoni kama paka.

"Ule udi wenu ulimtoa shetani," akasema.

"Shetani alikuwa usaha," nikamwambia, "na tuliomtia ni sisi. Najisi nimefunzwa kuiosha. Uvundo ule ulikuwa uvivu wetu, na wewe ukaupa jina."

Kahawa hakuimaliza. Mbwa alikuwa chini ya ngazi, amelala, na usiku nami nikalala.