Gauni la Kupasuka

Sijawahi kubembelezwa nishone vibaya isipokuwa mwaka ule wa 2017, na sitaki tena. Kibanda changu kilikuwa Malvern, huku kusini kabisa mwa Afrika, pembeni ya Jules Street, na wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa kanisa, watu wanaogeuza nguo ndani nje kabla hata ya kukusalimu. Akaja binti mmoja, mama yake Mtanzania, baba yake mwenyeji aliyerudi kutoka uhamishoni. Alikuwa anatengeneza filamu ya kuzikejeli zile sinema za zamani za bei rahisi, za majambazi wa kike wenye bastola kwenye mikoba na damu ya sosi ya nyanya. Majambazi wote wangeigizwa na wanaume. Alitaka gauni la zambarau la kumetameta, ambalo adui akilivuta linapasuka kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Nikashona. Akalirudisha.

"Eish, baba, hii ni nzuri sana. Nataka mbaya."

Nikafumua, nikapindisha pindo makusudi huku roho ikiniuma. Akalirudisha tena. Mara ya tatu nikaliunganisha kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za mkono za kushikizia kitambaa kabla ya cherehani. Ndipo akanifurahia, akaahidi kuandika jina langu mwishoni mwa filamu, tena kwa herufi kubwa. Nilimwomba asiliandike. Alidhani naona haya, akasema ataliandika tu.

Aliyeigiza bosi wa majambazi alikuwa msusi, jirani yangu wa mlango wa tatu, jitu la miraba minne kutoka Kivu kama mimi. Alikuja kujaribu gauni, wigi kichwani na rangi mdomoni, akajitazama kwenye kioo kwa muda.

"Papa, iyi robe itapasuka mpaka kwa tumbo?"

"Njo vile wanataka."

"Wachekee iyi perruque ya kichwa, wachekee mudomo, siyo mubaya. Lakini niko na kovu hapa, ya vita. Ile sitaki wachekee. Ushone kidogo na nguvu."

"Ambia mwenye filamu."

"Nikimwambia, atatafuta mwingine."

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia nimelipwa kushona takataka, na sasa kila anayeingia ananifundisha kazi. Akalivua polepole, akalikunja vizuri, akaniwekea mezani.

Asubuhi ya kupiga picha nililitazama lile gauni, nikaona jina langu kwenye skrini na akina mama wa kanisa wakilisoma. Nikashindwa. Nikapitisha mshono wa mbele kwenye cherehani, mara mbili.

Huko Randburg, kwenye duka tupu walilokodi, nikiwa nimesimama pembeni, adui akavuta. Gauni likagoma. Akavuta kwa mikono miwili, msusi akaburutwa juu ya meza na kuangusha vikombe, na wigi lake likaruka. Binti akanitazama kama ataniuma, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Wakaiacha sehemu hiyo hivyohivyo kwenye filamu.

Siku ya kuonyeshwa, ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko hapo. Mimi niliangalia mshono tu, namna ulivyonyooka, nikajisifu moyoni. Taa zilipowashwa msusi alipita katikati ya viti, akanishika mikono yote miwili mbele za watu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Papa, ulinisikia," akasema. "Mungu akubariki."

Tangu alipolivua lile gauni sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Nikamjibu kwamba si kitu.