Waliosema Rweya Haina Kaburi

Blanketi ndilo lililotoka kwanza. Lilikuwa la kijivu, lile la hospitali za zamani, lenye mstari mwekundu pembeni. Katapila liliuvuta mti mdogo, mti ukaja na mizizi yake, na blanketi likaja limeng'ang'ania kwenye mizizi. Ndani ya blanketi mlikuwa na kitu. Dereva akazima injini, akashuka, akachungulia, akavua kofia.

Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu, mizigo ya nyasi kichwani. Ilikuwa siku ya mwisho tuliyoruhusiwa kukata nyasi pale rweya, yaani uwanda wetu wa nyasi, huko nje ya migomba. Dereva akampigia simu mwenyekiti wa kijiji, naye mwenyekiti akafika kwa pikipiki. Aliangalia kidogo tu, kama mtu anayeangalia chungu kama kimechemka.

"Takataka za wachunga ng'ombe hizo," akasema. "Endelea."

Dereva akamuuliza kama ana hakika.

"Mimi nimezaliwa hapa, kijana. Pakia."

Wakapakia. Udongo, mti, blanketi, vyote ndani ya lori, na lori likashika barabara ya Kagoma. Mimi sikufungua mdomo. Aliyekuwa ndani ya lile blanketi ni dada yangu.

Mimi nilikomea darasa la nne, sijui kupanga maneno kama waliosoma. Nitaeleza ilivyokuwa.

Dada yangu aliolewa jirani tu, mwendo wa kuota jua la asubuhi na kurudi. Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa, ambapo huku Muleba kila kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba, kilikuwa na udongo mbichi. Mume wake akatangulia. Ndugu wa mume wakasema ni yeye aliyemuua kaka yao, wakamtoa na kikapu kimoja. Akarudi kwetu. Nilimuogesha mimi, nikamlisha uji mimi, na wiki ya mwisho alikuwa anapumua kwa sauti moja ndefu, haipandi wala haishuki.

Alipokufa, baba akatuma ujumbe kwa wakwe. Kwetu sisi mwanamke aliyeolewa hulala kwenye kibanja cha mumewe, karibu na mumewe, chini ya migomba aliyoipalilia. Wakwe wakajibu kwamba hawana nafasi. Baba akawaomba ndugu zake wa ukoo azikwe kwetu, nao wakasema huyo ni mke wa watu, tukimzika hapa tutakuwa tumekubali aibu yao iwe yetu. Siku mbili dada yangu alikuwa hana pa kuwekwa. Maiti ndani, wanaume nje wanabishana na pombe ya rubisi mkononi.

Aliyetusaidia alikuwa mdogo wake mume. Kijana wa kama miaka ishirini na mbili. Alikuja alasiri, mvua inanyesha, na jembe lake, bila kuwaaga kaka zake. Tukambeba, yeye, mimi na mama yetu, mpaka rweya. Akachimba peke yake, akikataa nimpokee jembe. Alilia. Mama akasali Salamu Maria hadi sauti ikamkauka. Mimi nikapanda mulamula pale kichwani, mti ule tunaopanda kwenye mipaka ya vibanja na kwenye makaburi. Kisha yule kijana akaniambia, "Shemeji, mimi na wewe na mama. Mtu wa nne asijue." Mama akatuapisha wote wawili kwa rozari; baba na wengine waliambiwa tu kwamba amezikwa, nao hawakuuliza wapi.

Kijana yule ndiye mwenyekiti wetu wa leo.

Wanawake waliokuwa wakikata nyasi pale, miaka yote hiyo, walikuwa wanakata, na wakifika kwenye ule mulamula wanauzunguka. Wanaacha kiduara cha nyasi ndefu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilipopita hapo nilikuwa naweka mzigo chini kana kwamba nimechoka.

Halafu wakaja watu wa umeme wa jua. Sitasema walikuwa wabaya. Walikuja kutoka Bukoba na picha kubwa za karatasi, wakatueleza kwamba rweya itafunikwa vioo vya kukamata jua, na kijiji hakitabaki kutazama: zahanati itapata umeme, mashine ya kusaga itapata, na kila nyumba iliyo karibu na uzio itavutiwa waya. Binti mmoja wa mipango akasimama kwenye uwanja wa shule akauliza kama kuna makaburi kule. Akauliza mara tatu. Hata la mtoto mchanga, akasema, tuambieni, tutasogeza mstari.

Mzee mmoja akamcheka. "Mhaya azikwe rweya? Kwani amekuwa ng'ombe?"

Watu wakacheka wote. Mzee akamfundisha yule binti kwamba sisi mtu wetu hulala kibanjani kwake, na rweya ni ya nyasi na mifugo. Binti akaandika. Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa anatazama simu yake.

Na mimi nikakaa kimya. Binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Rubafu. Ningesema, wangeuliza kwa nini dada alizikwa kama mbuzi, nami ningeeleza nini? Na mimi mwenyewe ugonjwa ule ninao, natumia dawa, nipo hai kwa sababu mimi nilizikuta na dada hakuzikuta. Mambo hayo watu wa posa hawayapokei vizuri.

Kosa jingine ni la namna walivyopanga. Fomu zao zilijazwa kibanja kwa kibanja, na mwenye kibanja ni mwanaume. Rweya, ambayo tunaitumia sisi wanawake, ilijazwa ofisini kwa mwenyekiti. Hakuna aliyetembea na wakata nyasi hata nusu saa. Wangeuona mulamula. Wangeuliza kwa nini mti wa kaburi umesimama peke yake katikati ya uwanda.

Tulipotangaziwa kwamba mashine zinakuja wiki ifuatayo, nilimfuata mwenyekiti kwake, nikamkuta anasuuza pikipiki. Nikamwambia, shemeji, unajua aliyepo kule. Hakukana. Akaniambia niache kelele, tutamhamisha mimi na yeye, Jumamosi, kabla mashine hazijaja, tumlaze kwa mumewe. Kwa mumewe! Nililia njia nzima kwa furaha. Nikanunua sanda. Jumamosi nikakaa mlangoni na jembe na ile sanda mpaka jua likazama. Nilipompigia akasema yuko Muleba kwenye kikao. Jumatatu katapila likaja.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kile kipande cha rweya kimeandikwa kwenye fomu za fidia kuwa ni chake, ardhi tupu ya baba yake. Kaburi lingeleta maswali.

Sasa umeme upo. Zahanati inawaka, wajawazito hawajifungui tena kwa tochi ya simu. Nami nachukulia dawa zangu chini ya taa hiyohiyo. Nyumba yangu ilivutiwa waya kama walivyoahidi, sikukataa. Ila kwenye uzio kuna kibanda cha mitambo kinachovuma mchana kutwa, sauti moja ndefu, haipandi wala haishuki. Wenzangu wanasema ni feni. Mimi nimewahi kuisikia kabla, nikiwa na bakuli la uji mkononi. Siku hizi nazunguka kwa juu, njia ya Izigo, mwendo wa ziada, ili nisipite hapo. Na bado naisikia ndani, nikiwasha taa.

Nimewataja ninaowadai. Wakwe waliofunga kibanja. Ndugu za baba, waliobaki watatu, wanakaa mbele kanisani. Watu wa mipango walioandika "hakuna" bila kutembea. Mimi mwenyewe, niliyenyamaza mara mbili, na hilo nitalijibu kwa aliyeniumba.

Lakini wewe, mwenyekiti, ulichimba. Mikono yako ilijua. Mwezi huu kamati ya manufaa ya ule umeme inakaa, na umetangaza kila mtu aje na malalamiko yake. Langu sitalitia kwenye boksi la maoni. Nitakuja na ile sanda, haijafunguliwa. Nimefika Kagoma mara nne kukagua kingo za ile barabara waliyoijaza udongo wa rweya, nimeinama kama mwendawazimu, madereva wananipigia honi. Dereva wa lori anasema yeye alimwaga pale ulipomwelekeza.

Basi simama mbele ya watu, useme ulimwelekeza wapi.