Rangi kwenye Shoka la Dunmore

"Nifungeni macho! Nipeni shoka lolote lililowahi kuangusha mti hapa Maine, nitawatajia kiwanda na bei yake kabla maharage haya hayajapoa!"

Rosaire Thibodeau aliyasema hayo amesimama, kijiko mkononi, mbele ya kanisa zima lililokuja kula maharage ya Jumamosi. Mkewe Laurette, aliyekuwa akipakua, hakuinua hata uso. Mumewe alizeekea kwenye gari la kusukuma theluji barabarani, na mtu wa namna hiyo huzoea kupishwa njia na kila kitu.

Aliyemkamata neno ni Clayton Hapgood, mwenye duka la vitu vya kale. Dukani mwake, karibu na mlango, palikuwa na meza moja wazi ya kuuzia vitu, na tangu astaafu Rosaire aliitamani kuliko wokovu. Mashoka aliyoyakusanya yalikuwa yamejaa sebuleni hadi Laurette akawa anapiga pasi kama mateka, na mzee mwenyewe alikuwa akishinda kutwa akiwasimulia kuku habari zake.

"Ukipatia kiwanda na bei, meza yako," Clayton alisema. "Ukikosa, hunisahihishii bei tena mpaka tukuzike."

"Pangusa meza, kijana."

Jumamosi iliyofuata walimfunga macho kwa skafu ya Laurette, duka limejaa watu mpaka ngazini. Clayton akamkabidhi shoka lisilo na mpini. Rosaire hakuanza na makali. Wanaoanza na makali ni watalii. Alianza na kisogo, ule upande butu wa nyuma.

"Hakijabonyea. Hakuna aliyeligeuza nyundo." Akaingiza kidole kwenye tundu la mpini. "Matuta manne. Dunmore hili, la enzi za babu. Baadaye waliacha kuyaweka." Akaligonga kwa ufunguo, likalia kama kengele. "Halijaungua. Chuma ki hai."

"Kiwanda umepatia," Clayton akasema. "Bei je?"

Vidole vilifika ubavuni, vikasita.

"Ala! Rangi nene kama siagi! Kuna mjinga kalipaka! Kwangueni takataka hii, chapa ya kiwanda ionekane, ni dola mia moja themanini."

Hakuna aliyecheka. Mji ule ukinyamaza hivyo, ama kuna maiti ama kuna mke anayesikiliza. Rosaire akaivuta skafu. Ubavuni mwa shoka palikuwa na picha ya kanisa dogo ndani ya theluji, mnara umepinda kushoto, na gari la kusukuma theluji likipita, taa zote zikiwaka.

"Huo mnara..." alisema taratibu. "Laurette, umeuchora wewe?"

"Msimu wote wa baridi ulikuwa barabarani. Ulidhani nilikuwa nahesabu matone ya paa? Hili nililitoa kanisani, padri akamuuzia Clayton kwenye mnada."

"Na huyo kwenye gari ni mimi?"

"Kuna mjinga mwingine anayewasha taa zote?"

Hapo ndipo watu walipocheka. Clayton akakohoa. "Bei, mzee. Ndiyo hiyo uliyotaja?"

Rosaire aliitazama meza karibu na mlango, kisha mkewe.

"Naifuta. Bei aiseme aliyelipaka."

"Basi umekosa. Meza hupati."

"Sipati."

"Napata mimi," Laurette akadakia. "Chini ya kitanda nina misumeno tisa niliyoipaka, na sebuleni nina mashoka ninayotaka yahame. Clayton, utanipa meza au nikaongee na mama yako?"

Clayton alicheka mpaka akashika mlango. "Chukua, mama. Na huyu je?"

"Mletee kiti. Atakuwa ananishikia brashi."

Rosaire alilipangusa shoka kwa skafu, polepole, asikwaruze mnara. Akaliweka katikati ya meza, akampa mkewe kalamu, na Laurette akaandika kwenye kikaratasi cha bei.

Dola mia mbili na arobaini.