Shingo ya Abdimalik

Nyinyi watu mna tabia mbaya. Dereva wa boda akikwambia shingo inamuuma, unacheka, unamwambia, "Wewe ulilala vibaya." Halafu unapanda nyuma, mnaenda. Hujauliza inauma tangu lini. Hujauliza inauma aje. Sasa kaa hapo nikuambie habari ya mtu mmoja aliyeambiwa amelala vibaya karibu mwaka mzima.

Anaitwa Abdimalik. Alizaliwa hapa Majengo, Meru, kwa zile nyumba za kukodisha nyuma ya msikiti, ambapo babake alikuja kukaa akiwa dereva wa lori. Kwa mamake anaongea Kisomali, kwa wateja Kimeru, na akikasirika anachanganya zote mbili. Ana mke, Hodo, na msichana mmoja mdogo, Leylo. Kazi yake ni pikipiki, lakini habebi watu sana. Anabeba waru, yaani viazi.

Kibirichia ni juu, ni baridi, na waru ya huko ndiyo inakaangwa chipo kwa nusu ya vibanda vya hii town. Shida ni kwamba gari haifiki kila shamba, na mvua ikinyesha hata hiyo gari ilikuwa inafika inakwama. Kwa hivyo wafanyabiashara wanatuma pikipiki mpaka kwa shamba. Mmoja wao ni Eunice. Niseme mapema, Eunice si mtu mbaya. Ni mama wa kazi, anaamka kabla ya majogoo, na wenye vibanda wanamngoja. Ni vile tu alitaka magunia mawili kila safari.

Sasa, magunia mawili ya waru hayakai hewani. La kwanza linalala kwa keria, kile chuma cha nyuma. La pili linalala kwa kiti, pale abiria angekaa, na linakula mpaka pale dereva angekaa. Yanafungwa na blada, ile mipira ya tairi, mpaka inazama ndani ya gunia. Dereva anabaki na wapi? Anapanda tangi la mafuta. Magoti yanatoka nje, viwiko vinakunjika, mgongo unapinda mbele, na ndio aone barabara lazima ainue kidevu. Jaribu hapo ulipo. Pinda mgongo, inua kidevu, ukae hivyo ukishuka kutoka Kibirichia mpaka Meru, mawe kwa mawe, na helmeti kwa kichwa.

Helmeti yenyewe ilikuwa ya mkono wa pili, nzito, kubwa, imejazwa vitambaa ndani isizunguke. Na vioo vya pikipiki Abdimalik alikuwa ameving'oa kama wenzake wote, ati vinagonga matawi kwa njia za shamba. Kwa hivyo kila akitaka kujua nini iko nyuma, ni shingo. Ile ile.

Ilianza kidogo, asubuhi inakaza, mchana inaachilia. Pale steji, Ndwiga, jamaa wa Embu ambaye wameendesha pamoja miaka mingi, alimchekea.

"Kwani bibi alikulaza kwa kochi?"

"Kochi nitoe wapi?"

"Basi alikulaza chini. Rudi uombe msamaha, shingo itanyooka."

Watu wakacheka. Abdimalik akanunua dawa ya maumivu kwa duka, na dawa ya kuchua. Miezi ikaenda. Akawa ananukia hiyo dawa mpaka ukimpita unajua ni yeye.

Mtu wa kwanza kuona kwamba hii si mchezo alikuwa Billow, mwenye bucha. Mwisho wa swala mtu anageuza uso kulia anatoa salamu, halafu anageuza kushoto. Billow alizoea kusimama kushoto kwa Abdimalik. Siku moja, wakivaa viatu nje, akamshika bega.

"Waryaa, Abdimalik, mimi nimekukosea nini? Wa kulia unampa uso, mimi unanipa jicho."

Abdimalik alijaribu kucheka. Kichwa kikakataa kurudi nyuma. Billow akaacha mzaha.

"Tangu kabla ya Ramadhani hujanigeukia. Nilidhani ni ile nyama nilikuuzia."

"Nitaenda hospitali."

"Lini?"

"Nikimaliza waru ya Eunice."

Waru ya Eunice! Hiyo ni kitu inaisha?

Halafu ikaingia mkono. Kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, vikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja kikombe cha chai kikamtoka tu, kikavunjika. Hodo hakuokota vipande. Alimwangalia mkono.

"Baba Leylo, huo ndio mkono wa breki."

"Breki iko kwa mguu pia."

"Mguu mmoja na magunia mawili?"

Abdimalik alivaa koti, akaenda. Kama huo mkono ungekufa, yeye hana kazi ingine, na Hodo alijua hivyo kumshinda.

Ilikuwa siku ya manyunyu. Alikuwa anashuka na magunia mawili, na mbele yake pickup imesimama kuteremsha abiria. Alitaka kuipita. Kioo hakuna. Shingo siku hiyo imekaza, haigeuki hata kulia. Kwa hivyo aligeuza kifua kizima aangalie nyuma, na wewe ukigeuza kifua, mikono inafuata, na mikono ikifuata, pikipiki inafuata. Ilienda katikati ya barabara. Nyuma gari ikapiga honi. Akafinya breki ya mkono na vidole havikuwa na nguvu ya kufinya hata chungwa. Akaingia mtaroni, na lile gunia la kiti likamjia juu ya kisogo.

Watu walikuja mbio. Wengine walimwokota yeye, wengine waliokota waru.

Hakuvunjika mfupa, lakini mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama si wake. Hospitali wakampeleka kwa mtu wa kunyoosha viungo, dada mmoja anaitwa Rwamba. Rwamba hakumgusa kwanza. Alimuuliza, "Ukiendesha unakaa aje?"

"Kwa pikipiki."

"Nionyeshe."

Akamletea kiti. Abdimalik akakaa ukingoni kabisa, akakunja viwiko, akapinda, akainua kidevu na uso ukakunjamana. Rwamba akaangalia hiyo nafasi yote imebaki nyuma yake.

"Hapo umekaa ndio kiti ya pikipiki?"

"Hapa ni tangi."

"Na kiti iko na nani?"

"Iko na waru."

Rwamba hakucheka. Alimwambia mishipa ya fahamu ya mkono inatoka kwa shingo, na yake imebanwa pale inapotokea. Akamwambia, "Ukirudi kukaa hivyo, huu mkono usiutafute tena. Sikutishi, nakwambia vile nimeona."

"Nikikaa kwa kiti?"

"Ukikaa kwa kiti, mgongo wima, mabega yashuke, viwiko vilegee. Kidevu kirudi ndani, usikisukume mbele kama mtu anachungulia dirisha. Helmeti ikutoshe, na iwe nyepesi. Huko juu ni baridi, funga shali, baridi inakaza misuli. Usiendeshe mpaka uchoke ndio ushuke. Shuka kabla, zungusha mabega, geuza kichwa pole pole."

"Na vioo?"

"Vioo ulitoa? Rudisha vioo."

Alikaa nyumbani wiki nyingi. Hodo alikuwa anapika sambusa anauza karibu na msikiti, na hakulalamika, hiyo ndiyo ilimuumiza Abdimalik zaidi. Yeye alisimama kwa ukuta anasukuma kidevu ndani, anaachilia, anasukuma. Leylo akitoka shule anamwangalia babake.

"Aabo, unafanya kama kuku."

"Kuku haumwi shingo. Wacha nifanye."

Mkono ukarudi. Cha shahada kikapata nguvu, kikafinya. Gumba mpaka leo ni kama la mtu mwingine. Na shingo kushoto inafika nusu, inasimama. Rwamba alisema huenda hapo ndipo imeishia, na hata huo mkono umerudi kwa bahati.

Alipeleka pikipiki kwa fundi, usukani ukavutwa karibu na yeye, vioo vikarudi. Akapata helmeti ya saizi yake. Halafu akapanda Kibirichia, na Eunice alimwona kutoka mbali.

"Muga, Abdi! Umerudi! Mungu ni mwema. Waru imenirundikia hapa, leta hiyo pikipiki tuweke mbili."

"Nitabeba moja, Mama."

"Moja? Kwani ni ya mgonjwa?"

"Moja. Halafu narudia ya pili."

"Ukirudia, watu wa chipo watakuwa wamenunua kwa mwingine. Abdi, si ni wewe ulikuwa unabeba mbili ukiimba?"

"Na nikaanguka."

"Ulianguka juu ya matope."

Abdimalik akashuka. Akamnyooshea mkono wa kulia.

"Shika hili gumba. Finya."

Eunice akafinya.

"Finya kabisa, Mama. Weka kucha."

Akaweka kucha. Abdimalik alikuwa anamwangalia tu usoni, kama anayengoja aanze. Eunice akaachilia huo mkono haraka. Akapangusa vidole kwa leso.

"Pole, kijana yangu," akasema. "Pole sana."

Halafu akaangalia magunia yake, yamepangwa kando ya njia, akaangalia saa kwa simu. Ndwiga alikuwa ameegesha hapo karibu.

"Ndwiga, na wewe?"

Ndwiga alikuja bila kumwangalia Abdimalik. Wakapakia. Moja kwa keria, moja kwa kiti, blada zikavutwa. Ndwiga akapanda tangi, akainua kidevu.

"Ndwiga, rudi nyuma," Abdimalik akamwambia.

"Nirudi wapi?"

Na kwa kweli hakukuwa na pa kurudi. Ndwiga akawasha, akaenda. Ndio amwone akishuka, Abdimalik aligeuka na mwili mzima, miguu na kifua pamoja, kama kabati inahamishwa. Alisimama hapo mpaka sauti ya injini ikapotea. Halafu akaenda kutafuta mteja wa gunia moja.

Bado anawatafuta. Wako, si wengi.

Wewe unayesoma hii uko na mzigo wako mahali, kama si waru ni simiti, kama si simiti ni watoto watatu na begi. Kwa hivyo nakuomba kitu moja. Ukiita pikipiki, kabla dereva awashe, angalia amekaa wapi. Kama amekaa kwa tangi, shuka, toa gunia moja, na uite safari ya pili.