Boneti ya Mzee Gathogo

Mtu akifiwa mtaani Mashimoni, wa kwanza kuitwa ni pasta na wa pili ni Phanice Nalianya. Yeye ndiye mwenye hema na viti vya plastiki, na miaka yote hii amevisafirisha kwa mkokoteni wa kukodi, hadi kule mtaa wa Nyayo Highrise, mvua ikimnyeshea na wenye matanga wakimpigia simu kuuliza amefika wapi. Ni mwanamke mnene, wa sauti ya chini, na akishasema jambo usijisumbue kumbishia.

Mamake alipofariki kule Bungoma, Phanice aliuza kipande cha shamba alichoachiwa ili anunue pikapu. Jamaa walinung'unika sana. Shamba likienda limeenda, na pikapu ikitokea kuwa mbovu, atabaki bila udongo na bila magurudumu. Hilo lilimnyima usingizi.

Ndugu yake mdogo, Isaac, seremala wa Kawangware, ndiye aliyemletea habari za pikapu ya Mzee Gathogo, mwenye ploti anakopanga Isaac, tena mzee wa kanisa. Maneno ya Gathogo yalikuwa asali tupu: injini haijawahi kufunguliwa, ilikuwa ya mwalimu wa kike aliyeiendesha kwenda sokoni tu, wewe ni kutia mafuta na kwenda. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Isaac hajawahi kuwa na nafasi ya kuwasikiliza wahenga.

Jumapili baada ya ibada wakakutana kwa Gathogo, upande wa Kongo, hukohuko Kawangware. Mkewe, Rahab, alikuwa amepika chai na chapati, na pasta alikuwa ameshaalikwa aliombee gari kabla pesa hazijatoka mkobani. Hapo ndipo watu wengi hunaswa. Gari likishaombewa, nani atathubutu kusema halitaki? Ataonekana amekataa baraka. Wako walionunua vyuma chakavu kwa kuona haya tu.

"Karibu, Mama Whitney," Gathogo akasema, akimwita kwa jina la bintiye. "Hii gari haijawashwa tangu Ijumaa. Imelala tu hapa kwa shedi ikikungoja."

Pasta akawaambia wote waweke mikono juu ya boneti. Phanice akaweka wake, akafumba macho, kisha akayafumbua. Boneti ilikuwa ya moto, na moto wenyewe ulitoka chini, kwenye injini.

 Alikuwa amewahi kununua jenereta kuukuu iliyokuwa imepashwa moto kabla hajafika. Ilinguruma vizuri mbele ya macho yake, lakini ilipopoa ikagoma, na matanga ya watu yakakaa gizani huku yeye akitukanwa. Pasta aliendelea kuomba, na Phanice hakusikia hata neno moja.

"Amina," watu wakaitikia.

"Mzee," Phanice akasema, "hii injini iko moto."

"Ah, ni jua tu, mama."

"Jua gani, na sisi wote tumevaa sweta?"

Isaac akamvuta kando. "Sista, wacha hizo. Huyu ni landilodi wangu, na tumeshaomba. Unaniaibisha."

"Aibu yako itaisha, Isaac. Shamba ya mama haitarudi."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya gari. Akasema atangoja lipoe. Gathogo akakumbuka ghafla kwamba ana mkutano. Phanice akamwambia aende tu, amwachie funguo. Hakwenda. Akataja mnunuzi mwingine aliyekuwa njiani kutoka Dagoretti. Phanice akasema akaribishwe, wangoje pamoja. Rahab akaongeza chai. Phanice alikuwa na hasira, na pia aliogopa kwamba huenda anamwonea mzee wa watu bure. Hata hivyo hakuinuka.

Alasiri aliigusa tena boneti, ikawa baridi. "Sasa washa, mzee."

Gathogo akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena. Iliposhika, gari zima lilitetemeka, kitu ndani kikawa kinagonga kama mchi kinuni, na moshi ukajaa uani hadi pasta akaziba pua kwa tai yake. Isaac alitazama viatu vyake.

"Hiyo ni plagi tu," Gathogo akasema akizima. "Lakini sawa, nitakupunguzia. Sema bei yako, mama."

Phanice akainuka taratibu, magoti yakimuuma.

"Mzee, bei si shida. Umetuacha tuite Mungu juu ya hii gari, na wewe ulikuwa unajua. Ukipunguza bei, huo uongo nao utapungua?"

 Phanice akaubana mkoba kwapani, akamshukuru Rahab kwa chai, akamwambia ndugu yake waende.