Sekunde Arobaini za Baba

Kompyuta yangu iligoma kuhifadhi kazi yangu ya kumaliza masomo Jumapili asubuhi, siku moja kabla ya kuipeleka chuo kikuu. Diski imejaa, iliniambia. Betri ilikuwa imekufa kitambo, na kwetu Naviundu siku hizo umeme, au courant, ulikuwa ukikatika kabla ya saa sita. Ukikatika, kurasa zangu kumi na mbili za mwisho zinaenda nao.

Nikaanza kufuta. Filamu, nikafuta. Mazoezi ya kwaya, nikafuta. Picha za harusi ya binamu, nusu yake watu hawana vichwa, nazo sikuzionea huruma. Folda moja tu sikuigusa, ile niliyoiandika "Baba". Humo niliweka sauti yake, sekunde arobaini, ujumbe aliotutumia kutoka Kilwa wiki moja kabla ya kufa. Njia imeharibika, atachelewa. "Musiningoye, mukule." Hatukuwa na sauti yake nyingine. Kila Jumapili mama akitoka misa nilimfungulia, akaisikiliza mara moja tu, kisha akaenda kusonga bukari.

Diski ikabaki imejaa. Nusura nilie. Ndipo nikakumbuka kwamba vitu vilivyofutwa hulala kwanza kwenye kapu la taka, ile corbeille iliyo pembeni mwa skrini. Ilikuwa saa tano na nusu. Kompyuta ikauliza kama nina hakika nataka kuvifuta kabisa. Takataka nayo inaombewa ruhusa? Nikabonyeza ndiyo. Kazi ikahifadhika, nikashusha pumzi.

Mama akaingia, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake.

"Nifungulie baba yako."

Nikafungua folda. Ilikuwa tupu.

"Apana mule," mama akacheka. "Juzi batoto ba dada yako balikuya kucheza na hii masini, njo nilimuficha. Fungula mu corbeille."

Tangu tukiwa wadogo mama huficha pete yake ya ndoa chini kabisa ya gunia la makaa. Mwizi hapendi kuchafua mikono, husema, na kweli hajawahi kuibiwa. Na kuvuta vitu kwa kipanya kutoka mahali hadi mahali, nilimfundisha mimi mwenyewe, nikajisifu kwa majirani.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Mama alikuwa ameshainamisha kichwa, sikio upande wa kompyuta, kama kawaida yake.

"Courant imekatika, mama," nikasema.

Alitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu yetu, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti chake karibu zaidi.

"Basi," akasema, "tungoye."