Vidole Viwili vya Fundi

Gari ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa na ndoto tu, na bomba jipya la hewa lenye filta iliyochongoka kama koni, eti injini ipumue vizuri na ingurume kidogo. Nilimbembeleza dada mwezi mzima. Akakubali nilifunge Jumamosi, lakini kesho yake tulikuwa tunampeleka mama kanisani Ruiru, kwa hivyo akanionya:

"Boneti yangu ikipata hata alama, hutashika usukani tena. Haki ya nani."

Fundi wetu wa Ruiru alinielekeza kwa simu: kati ya filta na boneti uache nafasi ya vidole viwili, maana ukiruka matuta injini hucheza. Basi hiyo Jumamosi, nje ya nyumba yetu Makongeni, nikafunga bomba, nikakaza klipu, nikasimama na vidole viwili hewani.

Dada akatokea mlangoni, mikono imejaa unga wa chapati. "Na hivyo vidole utaviingizaje boneti ikifungwa?"

Nikavishusha. Kweli, ningeviingiza wapi?

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamega donge la unga. "Shika. Weka hapo juu, ufunge."

Nikalifunika kwa nailoni, nikaliweka juu ya filta, nikashusha boneti polepole kama ninayelaza mtoto. Kufungua, donge limelala bapa, boneti karibu iguse filta!

"Ngai! Hiyo sasa ni ya kikaango," dada akasema, lakini hakucheka tena.

Nikalegeza klipu, nikateremsha bomba kidogo bila kugusa betri, nikarudia. Mara ya tatu donge likatoka nene, vidole vyangu viwili kamili. Nikaruka kwa furaha. Halafu nikakumbuka vidole vya fundi, kila kimoja kinene kama nduma. Nikateremsha bomba tena mpaka donge likatosha vidole vyangu vitatu.

Jumapili donge, limeshakauka, lilisafiri nasi kwa sahani mapajani mwa mama. Kila tuta nilitega sikio. Hakuna kilichogonga. Baada ya ibada tukapitia kwa fundi, naye akalaza vidole vyake viwili kando ya donge. Vikatosha, ikabaki nafasi ya ukucha.

"Hapo sawa, kijana."

Nilipumua kuliko hiyo injini. Dada akanirushia funguo.

"Turudishe nyumbani. Na pole pole kwa matuta, mama amebeba chapati yako."